Nawapataje wagonjwa wote wa kisukari kutoka kwenye mfumo wa hospitali?

Tabibu_Tanga
Wakuu, habari za kazi. Niko kliniki ya kisukari na presha, hospitali ya wilaya. Mfumo wa kielektroniki tunao. Vipimo na dawa vyote vinaandikwa humo. Lakini ukiuliza nani hajarudi tangu Ramadhani, hakuna anayejua. Mfumo unamjua aliyekuja leo tu. Nilimwomba mtu wa TEHAMA anitolee wote wenye msimbo wa kisukari E11, orodha ikaja fupi mno. Kuna mama ambaye kidonda chake cha mguu nakisafisha mwenyewe, hayumo! Kila hudhurio lake limeandikwa "kidonda" basi. Watu kama huyu ndio wanaokatwa miguu. Nawapataje?

Takwimu_Afya
Pole mkuu. Kwanza, E11 ni aina ya pili peke yake. Vuta E10 mpaka E14. Halafu ongeza wenye HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu) ya 6.5% au zaidi, na wanaotumia metformin au insulini. Mama yako atanaswa kwenye dawa au maabara. Aliyeingia kwa metformin tu, soma faili lake kabla ya kumweka kwenye rejista, maana wenye matatizo ya ovari nao huandikiwa. Na mgonjwa wa selimundu HbA1c yake hudanganya, husoma chini. Kwake angalia sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote, 7.0 mmol/L na kuendelea.

Masijala
Majina jamani! Mwanahamisi na Mwana Hamisi, mfumo unahesabu watu wawili. Linganisha na mwaka wa kuzaliwa na kijiji. Simu usiiamini sana, mara nyingi ni ya mtoto wake.

Nesi_CTC
Igeni kwetu CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU. Kila mteja wa CTC ana namba yake moja, na kanzidata inatoa orodha ya waliopitisha tarehe ya kurudi. Wahudumu wa jamii wanaanza kuwatafuta. Ila orodha isipite kwenye grupu la WhatsApp, tafadhali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na kuna wagonjwa ambao hata nyumbani hawajasema.

Tabibu_Tanga
Asanteni sana. Na wanaonunua dawa duka la nje?

Takwimu_Afya
Hao dawa hazitawaonyesha kama hazikuandikwa. Waulize dirishani wakija kupima, mwandike siku hiyo hiyo.