Tumezunguka pwani kutafuta mji wa kuhamia baada ya kustaafu: je, tununue kiwanja Pangani?

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Salaam kwenu nyote. Mimi na mke wangu tumestaafu, mimi nikiwa mwalimu wa sekondari na yeye muuguzi, na kwa zaidi ya miaka 30 tumeishi Iringa, ambako baridi ya Juni na Julai humzidishia maumivu ya viungo mwaka hadi mwaka. Nami tangu nilipofanya mazoezi ya ualimu Tanga nikiwa kijana nimekuwa na hamu ya kuzeeka nikiisikia bahari. Watoto wameshajitegemea, kwa hiyo tukaona wakati umefika wa kwenda kuitazama miji ya pwani kwa macho yetu kabla ya nguvu hazijapungua zaidi.

Tuliondoka Januari 2025 kwa gari letu, tukalala Morogoro, na siku ya pili tukapita Chalinze, Segera na Muheza hadi Tanga. Kabla ya safari tulikubaliana kwamba kila mmoja abebe daftari lake, aandike anayoyaona bila kumwonyesha mwenzake, kisha tusomeane tukisharudi nyumbani. Tanga tulikaa siku 4, tukitembea Raskazone jioni na barabara za namba za Ngamiani asubuhi, tukistarehe kuona watu wazima wa rika letu wakienda sokoni kwa baiskeli. Kutoka hapo tukateremka Pangani, tukakaa siku 5, kisha tukavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, huku daraja jipya likiendelea kujengwa, tukafuata njia ya Mkwaja na Saadani mpaka Bagamoyo. Bagamoyo ilitupendeza, lakini ipo karibu mno na Dar es Salaam na bei ya viwanja imeshatushinda.

Tuliporudi na kusomeana madaftari, niligundua kwamba tulikuwa tumesafiri safari mbili. Langu lilijaa Pangani: mto unavyobadilika rangi maji yanapojaa, minazi ya ng'ambo, majahazi, ukimya wa mchana. La mke wangu, kwa Pangani hiyo hiyo, lilikuwa na mistari michache tu, na mmojawapo ulisema: "Chai ya asubuhi ina chumvi, na si kosa la mpishi." Mimi nilikunywa chai hiyo siku 5 mfululizo nisitambue. Kwa Tanga aliandika kurasa 6, kuhusu Hospitali ya Bombo, maji ya bomba na umbali wa kutembea kutoka nyumba tuliyofikia hadi duka la dawa.

Sasa kuna mtu anayetuuzia kiwanja kaskazini mwa mji wa Pangani, hatua kama 40 kutoka mchanga unapoanza. Anasema karatasi za kijiji zipo na anataka fedha mwisho wa mwezi. Mke wangu hajakataa, ila ameniomba niulize wanaoishi huko kabla ya kutoa hata shilingi moja. Je, tununue, turudi kuitazama Tanga upya, au twende kwanza kusini, Kilwa, Lindi na Mikindani, ambako bado hatujafika?

Mtoto wa Pangani

Shikamoo Mwalimu, na shikamoo Mama. Mimi nimezaliwa Pangani na ndipo ninapoishi, na ningefurahi sana mkiwa majirani zetu, lakini furaha yangu isinifanye niwafiche yaliyopo.

Mama amesoma mji wetu sawasawa. Mto Pangani unatoka Kilimanjaro na Meru, na kabla haujatufikia maji yake yameshagawanywa kwa mashamba, kwa bwawa la Nyumba ya Mungu na kwa mitambo ya umeme. Mto unapopungua nguvu, bahari hupanda mtoni kipindi cha maji kujaa, na visima vilivyo karibu navyo hupata chumvi. Wazee wetu wanakumbuka kufua na kunywa maji ya sehemu ambazo leo mnazi wenyewe unateseka. Kwa hiyo mkipata nyumba au kiwanja, ulizeni kisima kina kina gani, na muonje maji yake wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, kwa kuwa siku za maji mafu, inapojaa kidogo, zitawapa picha nzuri kuliko hali ilivyo.

La pili ni bahari yenyewe kuila nchi kavu. Nendeni siku moja Kisiwa cha Maziwe, ambacho ni hifadhi tangu miaka ya 1970. Wazee walikiona kikiwa na miti na kasa wakipanda kutaga, ilhali leo ni fungu la mchanga ambalo maji makubwa hulifunika lote, hata mayai ya kasa yanabidi kuhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasioze. Mjini kwetu umejengwa ukuta wa kuzuia bahari, lakini ukuta huo haufiki kwenye kila kiwanja kinachouzwa. Hatua 40 alizokuonyesha muuzaji ulizihesabu Januari, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Mwezi wa Juni kusi likikaza na bamvua likaangukia humo, hesabu hiyo itakuwa nyingine.

Hospitali ya wilaya tunayo, na wahudumu wake wanajitahidi kwa moyo, ila jambo zito linapelekwa Bombo, umbali wa kama kilomita 50. Hapo zamani safari hiyo wakati wa masika ilikuwa ya kumwomba Mungu. Barabara ya lami imeipunguzia mateso, lakini usiku wa manane kilomita 50 ni kilomita 50.

Msinunue mwezi huu. Pangeni chumba mjini Aprili na Mei, wakati wa mvua, mambo yote yakiwa wazi.

Mpimaji wa Ardhi, Tanga

Mwalimu, nakuandikia kama mtu ambaye kazi yake imemkutanisha mara nyingi na wastaafu waliotoa kiinua mgongo chao chote ufukweni kisha wakashindwa kujenga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Hatua zako 40 hazifikii mita 40, maana hatua ya mtu wa umri wetu ni pungufu ya mita moja. Hata karatasi zingekuwa safi kiasi gani, nyumba hapo haina usalama mbele ya sheria. Mimi huwashauri wateja wangu wapime kuanzia alama ya juu kabisa ya maji ya bamvua, ambayo utaitambua kwa takataka za mwani na vijiti vilivyokauka juu ya mchanga.

Kuhusu hizo karatasi za kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwandiko wa mwenyekiti na mihuri miwili havitoshi. Omba muhtasari wa mkutano huo, uusome, kisha uende mwenyewe ofisi ya ardhi ya wilaya kuuliza kama eneo hilo limepimwa na limepangiwa matumizi gani. Muuzaji anayekataa usiende huko amekwisha kukujibu. Na anayekuwekea siku ya mwisho ya kulipa, jiulize kwa nini kiwanja cha bahari kilichokuwepo miaka yote kimepata haraka hiyo sasa.

Jambo jingine, nakuomba ulichukue kwa uzito. Popote mtakaponunua, majina yenu wawili yaandikwe kwenye hati. Nimewaona akina mama waliofiwa wakigombana na ndugu wa marehemu juu ya nyumba waliyoijenga kwa mikono yao, kwa sababu tu hati ilibeba jina moja. Ukishindwa yote niliyoandika, hili moja usilishindwe.

Mkifika hatua ya kujenga, fundi asichote mchanga wa ufukweni, hata akisema atausuuza. Chumvi itakula nondo kutoka ndani na zege litapasuka mkiwa bado mnalipa deni la mabati.

Bibi wa Mikindani

Mwalimu na mdogo wangu, mimi nilihama kutoka Dar es Salaam nikiwa mjane, na huu ni mwaka wangu wa 9 Mikindani. Ghuba yetu imezungukwa na nchi kavu kiasi kwamba hata kusi likivuma mawimbi hayawi makali. Hospitali ya Ligula ipo Mtwara mjini, mwendo wa kilomita kama 10, na kwa mtu wa viungo vibaya joto la huku ni tiba ingawa Februari linachosha.

Lakini tupo mbali. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zake, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga na tukakaa siku kadhaa bila mabasi wala malori. Wazee wa Lindi bado walikuwa wakisimulia kimbunga cha 1952, na siku hizo tuliwasikiliza kwa masikio mapya. Kwenu nyinyi ipo nafuu ambayo sisi wa Dar es Salaam hatuna: kutoka Mtwara kuna lami kupitia Masasi, Tunduru na Songea hadi Njombe, mkafika Iringa bila kugusa Dar es Salaam kabisa. Ni safari ndefu, lakini wajukuu watafika. Njooni muone kabla hamjaamua, kwangu chumba cha wageni kipo.

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Marahaba mwanangu wa Pangani, na asanteni sana ndugu zangu wote. Tumeyasoma majibu haya mezani, mimi nikisoma na mke wangu akisikiliza na daftari lake mkononi. Alinisimamisha mara moja tu, pale kwenye majina mawili ya hati, akaniomba nirudie sentensi ile. Nimeirudia, na tumekubaliana bila mjadala.

Nilimpigia muuzaji nikamwomba muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Akanijibu kwamba kuna mnunuzi mwingine kutoka Arusha ambaye haulizi maswali, nami nikamtakia heri na mnunuzi huyo. Sitaficha kwamba niliumia, maana nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kupanda mwembe.

Tumepanga hivi. Kuanzia wiki ya kwanza ya Aprili tutakodi vyumba viwili Pangani mjini, mbali na mto, tukae hadi mwisho wa Juni, masika yatukute huko na kusi litukute huko. Kila Ijumaa tutakwenda Tanga kununua dawa na kukagua nyumba za kupanga, ili tuujue mwendo huo ulivyo mvua ikinyesha. Mke wangu ameweka sharti moja, nami nimelikubali: mara hii madaftari tunabadilishana. Mimi nitaandika maji, dawa na bei za sokoni, na yeye ataandika mto. Septemba, Mungu akitujalia, tutapita Songea kuja Mikindani, Dada, tukuamkie.