Mitume walihubirije mpaka watu wakasikiliza? Mbona sisi wanatukimbia

Mwinjilisti Tandahimba:
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie, hili limenikaa moyoni wiki ya pili sasa. Tulikuwa na mkutano wa nje hapa kijijini siku tatu, spika kubwa, jenereta, kwaya imeletwa na gari, na mimi nikahubiri dhambi na hukumu mpaka sauti ikakauka, siku ya tatu wamebaki watoto na washirika wetu wenyewe. Kesho yake nikapita kwa mzee mmoja jirani, ni Muislamu, tunaheshimiana sana, nikamwamkia shikamoo akaitikia, alafu akanambia mwanangu umesema siku tatu lakini hujatuuliza hata korosho zimeendaje mwaka huu. Jamani sikulala. Nikafungua Biblia, Matendo ya Mitume sura ya 2, Petro kahubiri mara moja watu kama elfu 3 wakabatizwa. Sisi tunakosea wapi? Msinifiche.

Babu wa Newala:
Marahaba mwanangu, kuhubiri hujakosea. Ila Petro pale Yerusalemu alikuwa anaongea na Wayahudi wenzake waliokuja sikukuu ya Pentekoste, maandiko ya nabii Yoeli na ya Daudi wanayajua tangu wadogo ndio maana akaanzia hapo. Sasa nenda sura ya 14, Paulo na Barnaba wako Listra, watu wa Zeu wale, mungu wa Wagiriki, wameshaleta mpaka ng'ombe wa kuwachinjia wakidhani ni miungu. Hapo hakutajwa nabii hata mmoja! Waliambiwa Mungu aliye hai ndiye anayewapa mvua na nyakati za mazao na kuwashibisha mioyo. Mvua na mazao, mkulima yeyote anaelewa. Na Athene, sura ya 17, Paulo kwanza alizunguka mjini akatazama vitu vyao, akaikuta ile madhabahu ya Mungu asiyejulikana, akaanzia palepale na maneno ya washairi wao akayatumia. Injili ileile ila kila nyumba kaingilia mlango wake. Wewe umeingia Tandahimba kwa mlango wa Yerusalemu. Huyo mzee amekuonyesha mlango wa pale, nenda ukamshukuru.

Dada Masasi:
Babu umenena. Na sio Listra tu, hata huku kwetu ilikuwa hivyohivyo. Watu wanamtaja sana Askofu Steere aliyeleta kundi la waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar mpaka Masasi 1876, ni kweli na tunamshukuru Mungu, lakini kule Chitangali kwa Wayao aliyefanya kazi kubwa ni Cecil Majaliwa, Myao mwenyewe, aliyewahi kuwa mtumwa. Alikwenda 1886, akakaa. Hakuja siku tatu akaondoka na jenereta. 1890 akapewa upadri, wa kwanza Mwafrika katika misheni ile ya Kianglikana ya UMCA. Alikuwa anaongea na watu wa lugha yake.
Na jando je? Wamisionari wangeweza kulipiga marufuku tu likaisha, lakini Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa Masasi 1926, alikaa na mapadri wa hapahapa wakaona nini kiachwe na nini kibaki, jando la Kikristo likapatikana. Mimi nikisoma Matendo 15, wale wazee wanabishana kama watu wa mataifa lazima watahiriwe, naona kabisa ni kikao cha namna ileile, wanatafuta wasimtwishe mtu mzigo ambao Mungu hakumtwisha.

Kijana Lindi:
Mimi nakubali ila naomba tusimfundishe mwenzetu kuogopa kusema dhambi. Paulo kaanza na madhabahu yao sawa, lakini aliwaambia watubu na akafika kwenye ufufuo, ndipo wengine wakadhihaki na walioamini wakawa wachache, anatajwa Dionisio na Damari. Kwahiyo watu kupungua sio ushahidi kwamba umekosea. Kinachonisumbua mimi ni kingine, hiyo mikutano yetu sadaka inapita mara ngapi? Korintho Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Priskila, na wazee wa Efeso aliwaambia wazi hakutamani fedha ya mtu wala mavazi, mikono yake ndio ilimlisha yeye na wenzake. Mtu aliyeona umeshona naye mahema hata ukimwambia neno gumu atakusikiliza.

Mwinjilisti Tandahimba:
Mbarikiwe sana. Kijana Lindi umenichoma kweli, sadaka ilipita mara mbili kila jioni na wanakijiji wamekaa wanasubiri malipo ya mnada wa korosho. Hilo nalipeleka kwa mchungaji Jumapili hii. Nimesharudi kwa mzee, hatukuongea dini kabisa, tumeongea mikorosho yake, ile ya upande wa bondeni imezaa kidogo mno na vijana wake wako mjini. Nimemwambia Alhamisi nakuja kuokota naye na wanakwaya wanne, bila spika. Babu wa Newala naomba swali moja la mwisho, akinikaribisha chakula alafu akaniuliza mwenyewe habari za Yesu, nianzie wapi?

Babu wa Newala:
Kula kwanza. Alafu muulize anajua nini habari za Isa bin Mariamu, umsikilize mpaka amalize.