Walimu wa yoga tupeane uzoefu: ulileta darasa gani jipya wanafunzi wakachangamka (au wakakukimbia)?

PumziNdefu: Wakuu heshima kwenu. Juzi nafundisha salamu ya jua, ule mfululizo wa mapozi ya kuinama na kuinuka, nainua kichwa nakuta darasa zima limeshanipita, mimi niko kwenye mbwa kichwa chini, viganja na nyayo sakafuni makalio juu, wao wamesimama wima wanaangalia saa. Wamenikariri mpaka utani wangu wanauwahi. Tupeane uzoefu jamani, ulileta kitu gani kipya na kilikwendaje. Msilete vya kusoma, leteni vilivyowakuta.

MkekaMchakavu: Anza na ukuta. Usicheke. Mikeka yote sogeza ukutani, pozi la shujaa wa tatu, la mguu mmoja, kisigino cha mguu ulio nyuma kinasukuma ukuta, mbwa anafanywa kwa kusimama, viganja ukutani na kiuno kimekunjwa, mwisho unawalaza miguu juu ya ukuta dakika 10 hakuna kuongea. Mimi nilikuwa na mzee mmoja kwenye pozi la pembetatu siku zote anaishia kutazama vidole vya miguu, nikamwekea tofali la yoga, lile jepesi, chini ya kiganja, bega likafunguka lenyewe akageuza shingo akaona dari, akaniuliza "hili tofali ulikuwa unalificha wapi muda wote?" Iyengar, yule mwalimu mkubwa wa yoga wa India, alifundisha kwa viti, mikanda, kamba na matofali mpaka uzeeni na alifariki 2014 akiwa na miaka 95, kwa hiyo anayesema vifaa ni vya wavivu mwache na kiburi chake.

TaratibuTu: Ukuta poa ila uliza kwanza nani ana presha ya macho. Kichwa kikishuka chini presha ya jicho inapanda, hao usiwapindue.

KimyaKimya: Mimi nilileta darasa la kimya. Nikachora mtiririko wa mapozi ukutani, vijitu vya mistari tu, nikawaambia leo sisemi neno, kila mtu na pumzi yake. Kule Mysore, India, wanafundisha hivyo toka zamani, kila mtu anafanya yake kwa kasi yake na mwalimu anapita anarekebisha. Mwanzoni wanachunguliana, baadaye chumba kikatulia unasikia nyayo tu kwenye mikeka. Na mimi nikapata nafasi ya kuona makosa ambayo nikiwa naongea huwa siyaoni, kumbe nusu ya darasa viwiko vinapinda vibaya kwenye kushuka.

GotiLaKulia: Darasa la kimya = mwalimu kachoka 😂

KimyaKimya: Wewe si ndo unaongea mpaka kwenye pozi la maiti? Watu wamelala unawasimulia habari za bahari

GotiLaKulia: Bahari inawasaidia. Tatizo lako wivu

AsiliHaiozi: Mnaifanya yoga sarakasi. Hii kitu ina maelfu ya miaka, kama mwanafunzi anaboreka tatizo ni la mwanafunzi, aambiwe akae chini atulie.

MkekaMchakavu: Mkuu hiyo salamu ya jua unayofundisha kila asubuhi, kama mazoezi ya mtiririko imeenea karne ya 20 hiyo. Patanjali mwenyewe, yule wa kale aliyeandika Yoga Sutra, hana mbwa kichwa chini hata mmoja, anachosema kuhusu mkao ni kwamba uwe imara na wenye raha, basi. Sasa maelfu ya miaka ya nini?

AsiliHaiozi: Nitakujibu nikitoka kazini.

TaratibuTu: Mimi nashauri la wawili wawili. Migongo ikigusana mnapumua pamoja, watu wanazoeana, darasa linakuwa familia.

BegaZito: Naunga mkono hoja

NimekaaNyuma: Mi sio mwalimu, ni mwanafunzi tu, ila hiyo ya wawili wawili mmenikumbusha mbali. Ticha wetu alikuja na vikaratasi kwenye kofia, kila mtu avute namba, wenye namba zinazofanana wanakaa pamoja. Kuna kaka alikuwa mgeni siku ile, kachelewa, kajibanza karibu na mlango, akavuta namba kumbe mwenzake ni dada mmoja mkongwe wa pale mbele. Walipotazamana tu nikaona dada anaanza kukunja mkeka, ticha na tabasamu lake akamwambia pumua mpenzi, leo tunajifunza kuaminiana. Wakakaa mgongo kwa mgongo. Ticha anasema sikilizeni pumzi ya mwenzako inavyopanda, mimi niko mkeka wa jirani naisikia kweli inapanda. Ikaja mashua ya wawili, mnatazamana, mmeshikana mikono, nyayo kwa nyayo, miguu inanyooka juu. Ticha kwa ile sauti ya taratibu akasema mtazame machoni, mwambie kimoyomoyo asante. Dada akasema kwa sauti ASANTE KWA ADA YA WATOTO AMBAYO HUJALETA TOKA TUACHANE. Kaka naye hakulaza damu, mikono bado wameshikana miguu bado iko juu, akajibu niruhusu kwanza niwaone ndo nitaleta. Sisi wengine matumbo yameshaungua tumeshuka zamani, wale hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kuachia, wanatetemeka huku wanagombana na filimbi inaendelea kupiga. Ticha akakimbilia kile kibakuli cha shaba akakigonga, pozi la maiti kila mtu alale! Tukalala. Hakuna aliyefumba macho.

GotiLaKulia: Nimecheka mpaka nimeamsha watu 😂😂😂

BegaZito: Naondoa hoja

SinaMkanda: Ada ilitoka lakini?

MguuJuu: Mi nataka kujua walikaa kwenye mashua dakika ngapi, ile pozi mimi pumzi tano tu nimekwisha

PumziNdefu: Jamani mada ni darasa jipya

GotiLaKulia: Mada imeshabadilika kaka, tulia. Ada ilitoka?

TaratibuTu: Ndo maana mimi nawaacha wachague wenyewe, na asiyetaka mwenzi anatumia ukuta. Halafu kuna vikadi, kila mtu anaweka kimoja mwisho wa mkeka, upande huu niguse unirekebishe, upande ule usiniguse, anageuza muda wowote bila kujieleza. Hizo namba kwenye kofia ni kutafuta kesi.

SinaMkanda: Leteni mbuzi basi, Marekani kule Oregon walianza yoga na mbuzi 2016 darasa likajaa. Mbuzi hadai ada.

MguuJuu: Mbuzi atakula mkeka. Mimi nachukua pozi moja gumu nalivunja vipande darasa zima. Mfano kunguru. Kwanza walale chali, magoti yabane nje ya mikono, viganja vitazame dari, hapo tayari ni kunguru ila kalala. Halafu umbo lilelile wachuchumae, halafu kwenye tofali, mwisho kabisa mikono inabeba mwili na mto umewekwa mbele pua isije ikaumia. Hata asiyenyanyuka anajua anatafuta nini. Wangu mmoja aliyekuwa anasema mikono yake haina nguvu akanyanyua vidole vya mguu sekunde mbili, kelele aliyopiga sijawahi kuisikia yogani.

MkekaMchakavu: Hii nzuri, naiiba.

BegaZito: Salamu ya jua 108 tarehe 21 Juni, siku ya yoga duniani. Sherehe kabisa

KimyaKimya: 108 kwa watu wa ofisini? Viganja vitavimba. Gawa makundi manne, kila kundi 27, wengine wanahesabu

GotiLaKulia: Hapana, wafanye zote, ndo utamu

AsiliHaiozi: Nimetoka kazini. 108 naunga mkono. Kuhusu Patanjali bado nasoma.

NimekaaNyuma: Mlioulizia ada, sijui. Ninachojua wote wawili bado wanakuja, yule kaka siku za asubuhi dada jioni, na kofia haijaonekana tena pale.

PumziNdefu: Sawa. Jumamosi naanza na kunguru wa chali, viti na ukuta wiki inayofuata. Mwenye mchoro wa darasa la kimya anitumie, vijitu vyangu vinatoka kama buibui.