Naomba ushauri: tovuti yangu haitajwi kwenye majibu ya akili mnemba

Habari zenu wakuu. Nina tovuti ya nyumba yangu ya wageni, Pangani. Kwenye Google natokea ukurasa wa kwanza, lakini mtu akiiuliza ChatGPT "Pangani nilale wapi?", wanatajwa majirani zangu tu. Bei zote zilikuwa ndani ya picha ya bango. Mwezi uliopita nikaziandika kama maandishi, nikaongeza na maswali ya wageni na majibu yake. Wapi! Jana nimefungua faili la robots.txt (linaloziambia roboti za mtandaoni zisome nini na zisisome nini), kumbe fundi aliwafungia roboti wawili wa OpenAI, wenye ChatGPT: GPTBot (anayekusanya maandishi ya kuifundisha akili mnemba) na OAI-SearchBot (anayetafuta kurasa za kuonyeshwa kwenye majibu ya ChatGPT), wote wawili (sijui aliogopa nini).

Je, nikimfungulia OAI-SearchBot peke yake inatosha? Na kutajwa kwenye tovuti za wengine kuna uzito kuliko ninayojiandikia mwenyewe? Natanguliza shukrani.