Naomba ushauri: tumealikwa kuishi mwaka mzima baharini, katika mashua ya matanga, pamoja na watoto

MamaMwalimu (Lubumbashi)

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kufikiri kabla sijajibu mwaliko tulioupata. Mume wangu ni fundi wa injini za dizeli, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Rafiki yake wa zamani, ambaye waliwahi kufanya kazi pamoja mgodini, ana mashua ya matanga yenye urefu wa mita 14, ambayo kwa sasa imetia nanga Nosy Be, kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Anaishi humo na mkewe na watoto wao wawili. Anataka mume wangu atunze injini, nami niwafundishe watoto wote wanne, wakati tukisafiri polepole kwenda visiwa vya Mayotte, Nzwani na Ngazidja, kisha Mafia, Unguja na Pemba. Tutapewa chumba, chakula na posho ya kila mwezi. Safari itaanza Novemba.

Binti yetu ana miaka 11, yuko mwaka wa sita, na mwishoni mwa mwaka wa shule anatakiwa kufanya ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Mdogo wake ana miaka 5 na hajui kuogelea. Maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona ni Ziwa Tanganyika pale Kalemie, nikiwa msichana. Baba watoto amekwisha kukubali moyoni mwake. Mimi naogopa, ila sijui niogope nini kwanza: mawimbi, magonjwa, masomo, au familia mbili kubanana mahali padogo.

Mzaliwa_wa_Bukavu (Unguja)

Mama mwalimu, salamu nyingi. Nilikulia Bukavu, lakini kwa miaka 19 sasa naendesha vyombo vya matanga kutoka hapa Unguja. Katika yote uliyoandika, neno lililonishtua ni Novemba.

Msimu wa vimbunga katika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza katikati ya Novemba na kuendelea hadi mwisho wa Aprili, na Madagaska pamoja na Visiwa vya Komori vimo katika eneo lake. Kimbunga Chido kiliipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, kikabomoa mitaa mizima. Kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazidja mwezi Aprili 2019, wakati ambapo watu wengi hudhani kwamba hatari imekwisha. Zaidi ya hayo, upepo wa kaskazi ukishavuka ikweta hugeukia kaskazini-magharibi kule karibu na Madagaska, na kaskazini-magharibi ndiko mnakoelekea. Mtalazimika kubisha, yaani kwenda kwa kukata upande huu na upande ule huku upepo ukiwapinga, na hakuna jambo linalomchosha mtoto kama chombo kinachobisha siku nzima.

Kuanzia Mei hali hubadilika. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kuwasukuma kwa nyuma, na mkondo wa bahari ulioko pwani ya Tanzania nao huelekea kaskazini. Kutoka Nosy Be hadi Mayotte ni kama maili 180 za baharini. Mkienda maili 5 kwa saa, hiyo ni safari ya saa 36 hivi. Kutoka Ngazidja hadi Mafia ni zaidi ya maili 300, kwa hiyo hesabuni siku mbili na nusu bila kuona nchi kavu. Kusi huweza kuwa kali katikati ya mwaka, na njia ya kuishi nalo ni kungoja nyuma ya kisiwa mpaka litulie, bila kumwahidi mtu yeyote tarehe ya kufika.

Ushauri wangu ni kwamba mwombeni rafiki yenu muondoke Julai, binti akiwa amekwisha kufanya mtihani wake. Akisema Novemba haibadiliki, mwulize atajificha katika ghuba gani kimbunga kikitangazwa. Akikosa jibu la swali hilo, usimkabidhi watoto.

MamaFuraha (Goma)

Dada yangu, niliwahi kuwa mpishi kwa miaka miwili katika mashua ya familia moja huko Ushelisheli, nikiwa na mwanangu wa miaka 6, kwa hiyo nasema niliyoyaona. Mtoto avae jaketi la kuokolea na mkanda wa kifuani uliofungwa kwenye chombo kila atokapo nje wakati mnasafiri, hata kama bahari imetulia kama maji ya beseni. Pembeni pote pazungushwe wavu. Mtoto akianguka usiku, kugeuza chombo chenye matanga na kumpata gizani ni kazi inayowashinda hata mabaharia hodari. Kujua kuogelea ni lazima, lakini hakuchukui nafasi ya mkanda.

Kuhusu masomo, usipange somo lolote siku za safari. Siku mbili tatu za kwanza tumbo huchafuka, na mtoto akiinamia daftari chumbani hali huzidi kuwa mbaya. Mkalishe nje atazame upeo wa macho. Fundisha asubuhi mkiwa mmetia nanga, kabla jua halijawa kali. Pia jiandae kwa uhaba wa maji yasiyo na chumvi: watu wanane, kwa lita 3 za kunywa na kupikia kila mmoja, humaliza lita 24 kwa siku, hivyo sahani na sufuria huoshwa kwa maji ya bahari.

Nitakuambia na jambo la furaha. Ngazidja utasikia maneno mengi ya Kiswahili ndani ya lugha yao, na Kifaransa chenu kitawasaidia huko na Madagaska pia.

Fundi_Likasi

Yaya, dada yangu, andikianeni kila kitu. Katika chombo, mwanamke aliyeitwa kufundisha huishia kupika, kufua na kulea watoto wa wengine. Nauli ya kurudi nyumbani kwa watu wanne ikae mikononi mwenu, si kwa mwenye chombo. Tena Mayotte ni ardhi ya Ufaransa, kwa hiyo pasipoti yetu inahitaji viza iliyoombwa mapema.

MamaMwalimu (Lubumbashi)

Asanteni sana. Nilimsomea mume wangu habari ya Novemba, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akampigia rafiki yake simu. Amesema alichagua mwezi huo ili mkewe asherehekee Noeli akiwa Pemba, na ameomba wiki moja afikiri. Viza, mkataba na nauli nimeviandika tayari. Je, nianze kumfundisha mdogo kuogelea, au ningoje jibu?

Mzaliwa_wa_Bukavu (Unguja)

Usingoje. Mpeleke bwawani wiki hii, kwa sababu Juni maji ya Lubumbashi yatakuwa baridi mno kwake.