Sosholojia inatusaidia nini sisi wapanda daladala?

Baba Neema
Wadau, habari za jioni. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, matokeo mazuri, sasa anataka kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma sosholojia. Nikamuuliza, ukimaliza utatibu nini, utajenga nini? Akanijibu: "Baba, kuna watafiti walipunguza ajali za matatu Kenya kwa stika." Stika! Nimeendesha basi la Dar–Mwanza miaka kumi na moja. Nimeona tochi, nimeona faini, nimeona askari kajificha kwenye mahindi. Stika sijaiona ikishika breki. Nisaidieni, huu utafiti wa jamii una faida gani, au ni kujaza makaratasi?

Kinyonga
Mzee umemaliza. Watu wanapanda ndege kutoka Marekani kuja kuuliza mambo ambayo konda yeyote wa Mbagala angewajibu bure. Wakirudi kwao wanaitwa madokta.

Shufaa wa Tanga
Someni kwanza ndipo mcheke. Ni Habyarimana na Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Walichukua matatu za safari ndefu wakapiga kura ya bahati, si ya kuchagua: hizi zibandikwe stika ndani, za kumwambia abiria asinyamaze dereva akikimbiza, zile ziachwe kama zilivyo. Kwenye zenye stika, madai ya bima yalishuka kati ya nusu na theluthi mbili. Wakarudia na magari kama 12,000, punguzo likawa robo hadi theluthi tu, na bado wakalichapisha mwaka 2015. Konda wako wa Mbagala angekwambia kwamba mara ya pili mambo hayakuwa matamu kama ya kwanza?

Kinyonga
Bima? Bima ipi? Ajali zinaishia pembeni ya barabara, "yaishe jamani", mtu anashikishwa laki moja na soda ya baridi.

Shufaa wa Tanga
Ndiyo maana walipiga kura, kaka. Wa "yaishe" wamo kwenye magari yenye stika na wamo kwenye yasiyo nazo, kwa hiyo hawaelezi tofauti kati ya makundi hayo mawili.

Mtoto wa Konda
Naona konda wa Mbagala anarushwa huku na huku kama mpira. Baba yangu alikuwa konda, Mbagala–Kariakoo, akanisomesha mpaka diploma. Kinyonga unamtaja kana kwamba unamsifu, Shufaa unamtaja kumkejeli. Niambieni kwa nini anakimbizana. Hesabu! Tajiri anataka hesabu yake jioni, iwe mvua iwe foleni. Kuna Mtaliano anaitwa Rizzo, kazichunguza daladala za Dar miaka mingi, akaonyesha kwamba madereva na makonda hawana mikataba na siku ya kazi haina mwisho. Stika haigusi hesabu.

Kinyonga
Mimi nilimsifu baba yako.

Mtoto wa Konda
Ulimtumia.

Otieno wa Nakuru
Sisi wa Kenya tumezipanda hizo gari. Stika zimeandikwa ZUSHA! kubwa kabisa. Na makanga hakuzibandua, unajua kwa nini? Kulikuwa na bahati nasibu kila wiki, gari ikikutwa na stika zake dereva anaweza kushinda pesa. Wacha niwaambie, sheria za Michuki, waziri wetu wa uchukuzi, za 2004 zilileta vidhibiti mwendo na mikanda, lakini mikanda baadaye ikageuka kamba ya kufungia mizigo. Hiyo stika angalau ilimpa mama wa kiti cha nyuma ruhusa ya kuongea.

Mwalimu Mstaafu
Hapo ndipo tatizo lenyewe. Zusha? Kuzusha ni kutunga uongo! Ukiniandikia "zusha" ndani ya basi nitaanza kutangaza kwamba dereva kaoa mke wa tatu. Kiswahili ni "paza sauti".

Otieno wa Nakuru
Mwalimu, shikamoo. Waka, washa. Anguka, angusha. Zuka, zusha. Mtu huzusha hoja, huzusha swali. Uongo mmeuongeza nyinyi.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Uzushi ni nini basi? Lugha ni yetu, tunajua ilivyotumika.

Otieno wa Nakuru
Tuonyeshe risiti mliyoinunulia.

Bi Makunduchi
Sikilizeni wenyewe wa bara wanavyogombania! Endeleeni, mimi natia chai.

Kinyonga
Risiti 😂😂 Otieno leo umeamka vizuri.

Mwalimu Mstaafu
Hajaamka vizuri, kaamka na dharau. Nimefundisha miaka thelathini na mbili.

Shufaa wa Tanga
Jamani, mada. Baba Neema, nikuulize kwa heshima. Miaka yote hiyo, abiria alishawahi kukuambia punguza?

Baba Neema
Wengi hawathubutu. Akithubutu mmoja, wenzake ndio wanamnyamazisha: "shuka upande ndege." Nami nilikuwa nafurahi, sitaficha. Ila kuna siku, tumeshapita Singida, nimechelewa, mama mmoja akasimama katikati ya kiti na kiti. Akasema, "Baba, ninayemfuata ni mgonjwa, si maiti. Nifikishe." Kimya kidogo, halafu basi zima likaanza: punguza, punguza. Hata konda wangu! Nilipunguza. Kwa hasira, lakini nilipunguza, na hesabu siku hiyo ikapelea.

Mtoto wa Konda
Aliyelipa pengo la hesabu nani?

Mwalimu Mstaafu
Angalieni vizuri: mama yule alipaza sauti. Hakuzusha.

Otieno wa Nakuru
Alizusha, Mwalimu! Aliwazusha basi zima!

Mwalimu Mstaafu
"Aliwazusha"? Mungu wangu. Hicho nacho kitenzi?

Baba Neema
Mwalimu, fomu za chuo mwisho Ijumaa na binti yuko hapa mlangoni anachungulia simu. Ngeli na vitenzi vitasubiri. Aandike nini?