Wana wa Nahodha: kutoka Lamu hadi Ziwa Mendota

*Mei, Alhamisi*

Zena (Madison, Marekani): Asalaam aleikum watu wa nyumbani. Jana jioni tumefungua msimu wa mbio za matanga hapa ziwani. Vyombo 9, mimi ndiye niliyeshika kana, ule mti wa usukani, tumemaliza wa 7. Vidole vimekufa ganzi lakini nina furaha siwezi kueleza.

Shangazi Khadija (Mombasa): Waaleikum salaam mwanangu. Ganzi mwezi wa 5?

Zena: Shangazi, hili ziwa majuzi tu lilikuwa barafu. Upepo ukivuma juu ya maji haya ni kama mtu amefungua friji usoni mwako.

Ami Shee (Mombasa): Wa 7 kati ya 9, mara ya kwanza kwenye kana, si haba. Chombo gani hicho?

Zena: Huitwa J/22. Urefu futi 22, tanga kubwa na dogo la mbele, mkuku mzito chini. Tuko watatu. Ni cha klabu, na walionifunza ni wanachama wa kujitolea, kila mtu anamfunza anayemfuata.

Athumani (Lamu): Babu yuko hapa barazani, ametoka kuswali. Anauliza foromali, ule mti wa juu unaoshika tanga, iko wapi, kwenye picha haioni.

Zena: Mwambie hakuna foromali. Tanga linapanda moja kwa moja na mlingoti. Chini lina mti mrefu, ukigeuza chombo ule mti unapita kichwani, usipoinama unakuchapa.

Athumani: Babu asema, naandika kama alivyosema: "Mti wa kupita kichwani siupendi. Lakini kubisha kwao, kukigeuza chombo kipite upeponi, ni kwepesi mno, basi washindane kwa akili si kwa nguvu. Sisi kubisha ni kazi ya watu. Foromali ipitishwe upande wa pili wa mlingoti, mifuko ya mchanga ihamishwe, na yule aliyekaa kwenye ubao nje ya chombo arudi ndani haraka kabla hakijalala. Tanga lao la kitambaa gani?"

Zena: La nailoni nailoni hivi, gumu, linalia kama karatasi.

Athumani: Anacheka. Asema alipokuwa kijana tanga la mashua yao lilikuwa la merikani, na merikani jina lake ni huko huko uliko.

Ami Shee: Kweli kabisa. Ile pamba ilikuwa ikifumwa Massachusetts, majahazi ya Salem yakiileta Unguja karne ya 19. Mzee wetu amevaa Marekani mlingotini miaka yote na sisi hatukujua.

*Juni, Jumamosi*

Zena: Shangazi naomba msaada wa haraka. Ijumaa ijayo ni chakula cha klabu, kila mtu aje na sinia lake. Nataka kupika mahamri. Watu 50 hivi.

Shangazi Khadija: Unga kilo 3. Tui la kopo litafaa, lakini lichuje, usitie maji. Iliki saga mwenyewe, ile ya pakiti haina harufu. Uache uumuke mpaka ukibonyeza kidole unarudi. Na mbaazi za nazi, mahamri peke yake hayatembei.

Mama Zena (Madison): Mbaazi tumezipata duka la Wahindi. Wifi, hawa watu huleta soseji za nguruwe, ndizo chakula cha jimbo hili zima, na Ijumaa samaki wa kukaanga. Nimemwambia Zena sisi tushike meza ya samaki.

Shangazi Khadija: Vyema. Na pombe?

Mama Zena: Ipo, na hakuna anayemlazimisha mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi mwaka jana. Nikaenda, nikaketi kwenye vile viti vya chuma vya ukingoni, vile vyenye mgongo kama jua linachomoza, nikanywa chai yangu. Bibi mmoja wa miaka zaidi ya 70 akanihadithia msimu wake wa kwanza hapo. Tangu siku hiyo sina neno.

*Juni, Jumamosi inayofuata*

Zena: Mahamri yameisha kwa dakika 20!! Mbaazi walikuwa wanafuta sahani kwa kidole. Na jambo jingine: kijana mmoja wa chombo changu anasoma Kiswahili hapa chuoni. Tumekubaliana amri zetu zote ziwe Kiswahili. Mimi: "Tayari?" Wao: "Tayari!" Mimi: "Bisha!" Chombo kinageuka. Vyombo vingine hawajui tunapanga nini.

Athumani: Babu amenifanya nimsomee mara tatu. Asema kijana afunzwe na "legeza demani", ile kamba ya tanga, neno moja halimtoshi baharia.

Ami Shee: Na jua linatua saa ngapi huko siku hizi?

Zena: Saa 2 na dakika 40 usiku. Ndiyo maana Jumatano tunaweza kushindana baada ya kazi.

Athumani: Babu: "Basi magharibi yenu ni saa ambayo mimi nishalala."

*Julai, Alhamisi*

Zena: Leo sina raha. Jana nilikuwa wa 3, mbio zikielekea mwisho, nikamkatia mtu njia. Sheria ni hii: chombo kinachopata upepo kwa upande wa kushoto hukipisha kinachoupata kwa kulia. Mimi nilikuwa wa kushoto. Nilimwona, nikajiambia nitapita. Sikupita, ilibidi ageuze ghafla, omo yake, pua ya chombo, na ubavu wetu palibaki kama mkono mmoja. Akapaza sauti kudai haki yake.

Ami Shee: Mwamuzi alisema nini?

Zena: Hakuna mwamuzi pale, Ami. Kuna mashua ya waandaaji kwenye mstari, mbali. Mwenye kosa anajihukumu mwenyewe, anazungusha chombo mara mbili kamili pale pale halafu anaendelea. Nikazunguka. Mara ya pili tanga likakosa upepo, tukasimama kama gogo. Tukamaliza wa mwisho. Wenzangu hawakusema kitu na hicho ndicho kinachoniuma.

Shangazi Khadija: Pole mama. Umemtaka radhi?

Zena: Nilimfuata gatini. Akanipa mkono, akasema asante kwa kuzunguka.

Athumani: Sauti ya Babu, naandika yote: "Zena mjukuu wangu. Kuzunguka umefanya vizuri, hilo nimelisikia, nimefurahi. Sasa tuseme la chombo. Wewe ulimtazama yeye, na chombo kinachokuja mbele hakitazamwi hivyo. Mtazame yeye na ardhi iliyo nyuma yake. Ardhi ikiwa inatoka mbele ya omo yake, basi wewe ndiwe utakayempita. Ikizama nyuma ya omo, yeye atakupita. Ikisimama, mtagongana. Ukiona imesimama usingoje, pita nyuma ya tezi yake, mkia wa chombo. Kupita nyuma ya mtu ni urefu wa chombo kimoja tu umepoteza. Wewe umepoteza sita."

Zena: Babu, hili hakuna aliyewahi kunieleza wazi hivi. Nitaliandika kwenye karatasi nilibandike karibu na kana.

Athumani: Asema usibandike, ukitazama karatasi hutaiona ardhi.

*Agosti*

Mama Zena: Wiki hii hakuna mbio, kwa wanaouliza. Ziwa limefunikwa na kile kitu cha kijani, kama mtu amemwaga rangi ya ukuta. Ni vijidudu vinavyonenepa kwa mbolea inayotiririka kutoka mashamba ya ng'ombe wakati wa joto, na vingine vina sumu. Fukwe za kuogelea zimefungwa.

Shangazi Khadija: Zena asiguse maji hayo!

Zena: Siendi, Shangazi. Tumekaa gatini kushona tanga lililochanika na kusikiliza hadithi. Wazee hapa kila hadithi inaishia kwa Buddy Melges, mtoto wa maziwa ya hapa hapa Wisconsin, familia yake waunda vyombo kijiji cha Zenda. Alipata dhahabu ya Olimpiki 1972, na 1992 akawa kwenye usukani wa chombo kilichoshinda Kombe la Amerika, lile la mbio za matanga. Alifariki 2023. Bahari hana kwao, maziwa tu, na barafu.

Ami Shee: Barafu vipi?

Zena: Subirini Januari.

*Septemba, Jumamosi*

Zena: Siku ya mwisho ya msimu. Tunaanza saa 4 asubuhi, kwenu saa 12 jioni. Tuko wa 4 kwa pointi. Hesabu ni hii, wa kwanza anapata 1, wa pili 2, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Matokeo mabaya kuliko yote huondolewa, kwa hivyo ile siku ya Julai imefutwa. Upepo unatoka kusini.

Athumani: Babu auliza kusini kuna nini.

Zena: Kusini ni mji. Kushoto kwetu kuna majengo marefu na kuba la bunge la jimbo, kulia kuna rasi yenye miti, Picnic Point, na ghuba iliyo wazi.

Athumani: "Upepo uliopita juu ya nyumba umevunjika vunjika. Nenda kwenye ghuba. Na usitazame nyuzi za tangani peke yake, usikilize kwa sikio. Ukivuma sawa masikio yote mawili, hapo ndipo unapotoka. Kisha tazama maji, yakikunja uso na kuwa meusi, nenda ukayalaki. Bismillahi."

Shangazi Khadija: Tunakuombea dua.

Ami Shee: Niko kazini simu mkononi.

(baadaye)

Shangazi Khadija: Kimya?

Mama Zena: Niko gatini, kutoka hapa matanga yote meupe, sijui yupi ni yupi.

Athumani: Babu amekataa kuingia ndani kula.

Zena: NIMERUDI. Tumemaliza wa 2!!! Ngojeni nivue hili koti nieleze.

Zena: Haya. Honi ya dakika 5, ya 4, ya 1, kisha tumeondoka vibaya, tumefunikwa na upepo wa wenzetu, tukawa wa 6. Karibu wote wakashika kushoto, upande wa mji, kwa sababu chombo kinachoongoza kilikwenda huko. Nikatega sikio. Upepo wa mjini unakuja, unakatika, unakuja. Kule ghubani nikaona maji meusi, yamesimama pale pale hayaondoki. Nikasema "Tayari?" "Tayari!" "Bisha!"

Zena: Sasa kwenda upande ule unapata upepo kwa kushoto, kwa hivyo mimi ndiye wa kupisha kila mtu. Wakaja wawili. Wa kwanza nikatazama nyumba nyeupe ya ufukweni iliyo nyuma yake. Ikasimama! Haitoki mbele ya omo, haizami nyuma. Nikalegeza demani, nikapita nyuma ya tezi yake karibu kabisa, nikaona hata soksi za yule mtu. Wa pili pia nikampita nyuma. Yule wa pili ndiye yule yule wa Julai. Akaninyooshea kidole gumba.

Zena: Tulipoingia kwenye yale maji meusi chombo kikalala upande, sote watatu tukakaa ukingoni, kikaanza kukimbia. Na upepo ukageuka kidogo ukatuinua kuelekea boya moja kwa moja. Tulipofika boyani nikatazama nyuma, wale wa mjini matanga yanapigapiga tu. Aliyebaki mbele yetu ni mmoja na hatukumpata. Kwa msimu mzima tumekuwa wa 3.

Ami Shee: Allahu akbar!!! Nimepiga kelele ofisini watu wamesimama.

Shangazi Khadija: Mashallah mashallah. Nalia huku.

Mama Zena: Sasa najua ni lipi. Lile ambalo watu wake wanarukaruka.

Athumani: Babu amenyamaza. Amefuta miwani. Sasa asema: "Uliiona ardhi imesimama." Basi hilo tu. Anarudia.

Zena: Niliiona Babu. Ilisimama kama ulivyosema.

*Oktoba*

Zena: Vyombo vyote vimetolewa majini leo, vimefunikwa maturubai. Jana ilikuwa karamu ya kufunga msimu. Tumepewa kibao kidogo cha mbao cha nafasi ya 3. Nimeomba nikitume Lamu, wenzangu wamekubali. Kijana wa Kiswahili amekichorea macho mawili kwa nyuma, kama yale ya omo ya mashua zetu.

Athumani: Babu ashakitengea mahali, karibu na upo, kata yake ya zamani ya kutolea maji chomboni.

*Januari, Jumapili*

Zena: *[video]*

Ami Shee: Subhanallah. Hicho ni nini?

Zena: Ni ziwa lile lile, Ami, limeganda. Huyu ni mtu mmoja amelala ndani ya chombo chenye tanga na visu vitatu vya chuma chini yake. Anateleza juu ya barafu, zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Hupimwa unene kwanza kwa kutoboa. Mimi nimepanda leo kwa mara ya kwanza, nimevaa kofia ngumu na nguo nne.

Shangazi Khadija: Mimi video hii siitazami tena.

Athumani: Babu ameitazama mara tano. Auliza: "Kubisha wanabisha?"

Zena: Wanabisha Babu, vile vile.

Athumani: "Na nanga wanatia wapi?"

Zena: Hawatii. Ukitaka kusimama unaelekeza omo upeponi mpaka tanga lipigepige, likishapunguza mwendo unateremka, unafunga breki.

Athumani: "Omo upeponi. Sawa. Mwambie mwaka ujao avae na glavu, mikono yake nimeiona, imepasuka."